Kanisa Linalofuata Maji: Uhai wa Ukristo Katika Delta ya Rufiji

Katika delta ya Rufiji, saa ya ukutani haina neno la mwisho. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha hujaa yakiwa yamechelewa kama dakika 50 kuliko jana. Zijumlishe dakika hizo kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Kwa hiyo, kama Jumapili hii saa tatu asubuhi mkondo umejaa na mtumbwi unaelea hadi karibu na nyumba za watu, Jumapili ijayo saa hiyohiyo mkondo huo ni tope la kufika magotini, na mtumbwi umelala ubavu katikati ya mizizi ya mikoko. Mwinjilisti aliyetangaza ibada ya saa tatu kwa mwaka mzima atawasubiri watu wasioweza kufika, Jumapili moja katika kila mbili. Asipojua habari za maji, atahitimisha kwamba imani yao imepoa.

Naanza na jambo hili dogo kwa sababu ndani yake lipo swali zima. Makanisa yetu yamekuwa yakizungumza sana juu ya kujihuisha ili yasiachwe nyuma na utamaduni unaobadilika. Mjini Dar es Salaam mazungumzo hayo huishia kwenye spika kubwa, vikundi vya kusifu na kuabudu, mahubiri yanayorushwa mtandaoni na ibada fupi kwa ajili ya watu wenye haraka. Lakini ukisafiri kusini kwa barabara ya Kilwa, ukapita Mbagala na Mkuranga hadi Kibiti, kisha ukashuka Nyamisati kwenye gati la vyombo vya Mafia na delta, swali linageuka. Hapa Mkristo ni mmoja kati ya wengi wasio Wakristo. Hapa utamaduni unabadilishwa na mto, barabara, bwawa, ng'ombe na simu, vyote kwa wakati mmoja. Kanisa linaloweza kuwa hai hapa litakuwa limejifunza jambo ambalo hata kanisa la mjini linalihitaji: kuwasoma watu na mahali kabla ya kupanda neno.

Mgeni aliyefika na bunduki nyuma yake

Huwezi kuelewa hali ya kanisa Rufiji bila kurudi 1905, vita vya Majimaji vilipoanza. Ngarambe, kusini mwa mto, ndiko mganga Kinjikitile Ngwale alikogawa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Walichokuwa wamechoka nacho kinajulikana: kodi, viboko na mashamba ya pamba waliyolazimishwa kuyalima huku ya kwao yakiota majani. Mwezi Agosti mwaka huo Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Siku chache baadaye Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake wakiwa njiani kuelekea Liwale, na misheni kadhaa za kusini zikachomwa. Wajerumani wakajibu kwa kuteketeza vijiji na ghala za chakula. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanafika hadi watu 300,000.

Wamisionari wale hawakuwa maofisa wa pamba. Lakini aliyekuwa akichapwa shambani hakuwa na njia rahisi ya kumtofautisha Mzungu wa msalaba na Mzungu wa kiboko. Wote walikuja kwa meli moja na walizungumza lugha moja. Hilo ni somo la kwanza katika uchambuzi huu: kabla watu hawajasikia kanisa linasema nini, huwa wameshaona limesimama upande gani.

Katika miongo iliyofuata, Uislamu ndio uliozama vijijini kusini mashariki. Ulikuwa wa zamani katika miji ya pwani kama Kilwa, lakini sasa uliingia bara kwa miguu ya watu wa kawaida: walimu wa chuo, wachuuzi, masheikh wa twarika za Kadiria na Shadhilia. Mwalimu wa Kurani hakujenga boma la misheni. Alioa pale, akalima mpunga pale, akazikwa pale. Watoto wake walicheza na watoto wa kijiji, na mavuno yakiharibika na yeye alilala njaa. Mkristo mwenye moyo wa kujifunza hatasoma historia hii kwa wivu. Ataona kwamba jirani zake walikwisha kufanya, karne moja iliyopita, kile ambacho maaskofu na wanateolojia wetu wanakiita kujimwilisha katika utamaduni.

Kanisa la wakuja

Leo Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa na Wamatumbi walio wengi ni Waislamu. Idadi kamili hatunayo, kwa kuwa sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu 1967, na ilikuwa busara kuacha kuuliza. Lakini mtu yeyote aliyeketi katika ibada ya Kibiti au Ikwiriri anajua waumini ni akina nani. Ni mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Kagera, muuguzi kutoka Mbeya, askari polisi, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Kilimanjaro, na familia za Wasukuma zilizokuja na mifugo. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003 badala ya kivuko cha Ndundu, liliifanya Kibiti kuwa mji wa njiani. Miaka michache baadaye, wafugaji walioondolewa bonde la Usangu kuanzia 2006 walishuka kusini mashariki na ng'ombe wao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ramani ya Ukristo huku hufuata lami na njia za ng'ombe.

Kanisa la namna hii lina uzuri wake. Mtu aliye mbali na kwao anahitaji mahali pa kusikia wimbo alioimbiwa na bibi yake, na akiugua apate wa kumletea uji. Lakini lina hatari yake pia. Polepole linageuka chama cha watu wa kuja, mahali pa kupumzika kutoka kwa wenyeji badala ya mahali pa kutumwa kwao. Mtumishi wa serikali akihamishwa, kwaya inapoteza sauti yake ya besi. Mfugaji akihama kutafuta malisho, jumuiya inafungwa. Miaka 20 inapita na hakuna mtoto wa Kindengereko anayejua kilichomo ndani ya jengo lile zaidi ya ngoma na vigelegele vya Jumapili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la kuhuisha kanisa Rufiji ni hilo: mwenyeji amepona nini kwa kuja kwetu?

Dawa tatu zilizojaribiwa

Katika Tanzania na nchi za jirani, majibu ya swali la kanisa na utamaduni yamefuata njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni kubadilisha mtindo. Kinanda cha umeme kikae mahali pa ngoma, mhubiri aache kanzu avae suti, ibada irushwe kwenye simu. Njia hii ina nguvu kwa vijana, na si haki kuidharau. Dereva wa bodaboda wa Kibiti anasikiliza mahubiri na nyimbo za injili kwenye simu ileile anayosikilizia singeli. Lakini mtindo wa Dar es Salaam ni wa Dar es Salaam. Ukipelekwa delta bila kupepetwa, unakuwa boma jipya la misheni, tofauti yake ni kwamba kuta zake ni za sauti. Na upande wake mmoja unanitia hofu zaidi: biashara ya chupa za maji na mafuta ya upako. Katika nchi ya Ngarambe, kuwauzia watu maskini maji ya kinga ni jambo la kutetemesha. Waliokunywa maji ya Kinjikitile walitafuta kuondolewa dhuluma iliyokuwa ikiwaua. Anayeuza chupa leo anaahidi kinga na kuiacha dhuluma ilipo.

Njia ya pili ni huduma: shule, zahanati, visima. Hapa kanisa la Tanzania lina historia ya heshima, na wagonjwa wa kila dini wamelazwa katika hospitali za misheni bila kuulizwa wanasali wapi. Udhaifu wake unaonekana pale huduma inapogeuzwa chambo. Watu wa pwani ni wavuvi. Wanaijua ndoana hata ikifunikwa na nyama nzuri.

Njia ya tatu ni kuingia ndani ya desturi zenyewe. Mfano mashuhuri uko jirani, Masasi. Vincent Lucas, Mwanglikana wa misheni ya UMCA aliyekuwa askofu wa huko kati ya 1926 na 1944, aliona kwamba kijana Mkristo asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto maisha yake yote. Badala ya kupiga marufuku jando, kanisa lake likafanya jando la Kikristo: kambi ilibaki, tohara ilibaki, mafunzo ya utu uzima yalibaki, na sala zikashika nafasi ya matambiko kwa mizimu. Kwa wavulana mpango ulishika. Kwa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa elimu ya unyago iko mikononi mwa makungwi, na askofu mwanamume hana mlango wa kuingilia humo. Fundisho la Masasi lina sehemu mbili. Desturi inaweza kubeba Injili. Lakini wa kuamua nini kibaki na nini kitoke ni wale waliolelewa ndani yake, wanawake kwa wanaume.

Ndiyo maana naona kwamba uamuzi wenye uzito kuliko yote ulitoka katika mikutano ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, ya 1973 na 1976, waliposema kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Familia kumi zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao, wakisoma, wakiomba, wakiulizana nani anaumwa na nani hana chakula, ni kanisa linaloweza kuingia kwenye mtumbwi. Halihitaji bati wala saruji. Linaweza kukutana maji yakijaa na kutawanyika kabla hayajapwa.

Pasaka penye dungu

Tutazame jambo moja kwa karibu. Mpunga wa Rufiji hulindwa. Ukianza kuchanua na kutoa punje, ndege, nyani na nguruwe pori huutaka kabla ya mwenyewe, na kiboko akiingia usiku mmoja anaweza kumaliza kazi ya miezi. Kwa hiyo familia huhamia shambani na kujenga dungu: kibanda juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti, ngazi ya mti mmoja. Mama hupika huko juu, watoto hulala huko juu, na mafuriko yakija maji hupita chini ya sakafu. Serikali iliwahi kuwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya nchi kavu baada ya mafuriko makubwa ya 1968. Walihama kweli, lakini kila msimu walirudi dunguni, maana chakula kilikuwa bondeni.

Sasa angalia kalenda ya kanisa. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, ndani ya masika, wakati bonde limejaa maji na mpunga uko shambani. Sikukuu yetu kubwa kuliko zote inamwita mkulima kijijini wakati hasa ambapo hawezi kuliacha shamba. Sisemi tarehe ya Pasaka ihamishwe. Nasema kwamba kanisa linaloielewa Rufiji litaipeleka Pasaka dunguni, kwa mtumbwi, watu watano hapa, wanane pale. Na sikukuu ya mavuno litaifanya mpunga ukishavunwa na kupigwa, lisingoje tarehe iliyochapwa kwenye ratiba ya mbali.

Toba ya mwenye ng'ombe

Mtihani mkubwa zaidi hauko kwenye liturujia. Uko mpakani mwa shamba. Mfugaji ni Mkristo, mara nyingi mwimbaji na mtoaji wa sadaka. Mkulima ni Mwislamu. Ng'ombe mia moja wakipita usiku kwenye mpunga uliokomaa, familia ya mkulima imekosa chakula cha mwaka. Jumapili mfugaji yule anapanda jukwaani na kwaya yake. Anatubu dhambi zake kwa machozi, na pengine machozi yake ni ya kweli. Lakini mkulima anayepita nje anasikia wimbo wa mtu aliyemla.

Hapa kanisa linaamua kama lina habari njema au halina. Toba yenye maana mahali hapa inakwenda nyumbani kwa mkulima, inahesabu vipande vya shamba vilivyoliwa, inalipa, na inawafunga ng'ombe. Mchungaji atakayelisema hili madhabahuni anaweza kupoteza fungu la kumi nono. Lakini atakuwa amelihubiri neno kwa kijiji kizima, pamoja na wale ambao hawataingia mlango wa kanisa lake kamwe. Wazee wetu walikuwa na chombo cha kusaidia: utani uliozaliwa katika misafara, uliowaunganisha watu wa bara kama Wanyamwezi na watu wa pwani hata wakaweza kuambiana ukweli mchungu na kuzikana. Chombo kile kinaweza kunolewa upya.

Jirani na lugha yake

Barabara ya kwenda Kibiti inapita Mbagala, ambako Oktoba 2012 makanisa yalivamiwa na kuchomwa baada ya ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya mihadhara, ambapo wahubiri wa pande zote mbili walipanda majukwaani kuaibisha kitabu cha mwenzao. Kisha, kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika hofu ya mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Walioishi siku zile, Waislamu kwa Wakristo, walifunga milango mapema na kulala wakisikiliza.

Kanisa linalotaka kuwa na maana katika ardhi iliyopita hapo halina haki ya kuleta maneno ya kuwasha moto. Wala halina haki ya kujificha. Zipo mbinu za uenezi zinazomshauri mhubiri avae kama sheikh na aseme kama sheikh ili watu wasijue ametoka wapi. Hilo ni hila, na jirani akigundua kwamba ulimdanganya juu ya jina lako hatakuamini juu ya Mungu wako. Piga hodi kwa jina lako halisi. Ukikaribishwa, kaa.

Na tukikaa tukumbuke tumekaa kwa kauli ya nani. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji ule. Imani, dhambi, toba, rehema, neema, sadaka, ibada, hata Injili yenyewe: maneno haya ya Kikristo yalilelewa katika vinywa vya Waislamu wa pwani kabla hayajafika kwetu. Mkristo anayeomba kwa Kiswahili anaomba kwa maneno aliyoazimwa na jirani. Sijui njia bora ya kumheshimu aliyekuazima kuliko kukitunza ulichoazimwa kikiwa safi.

Mto unaobadilika

Utamaduni wa Rufiji unabadilika pia kwa sababu mto wenyewe unabadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mapema 2024. Aprili mwaka huohuo mafuriko yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga upande wa Mafia. Delta ina kama hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mikoko hiyo hulea kamba na samaki, huzuia bahari, na hukatwa boriti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wenyeji wengi waliupinga mradi mkubwa wa kufuga kamba uliopangwa ndani ya delta, na haukujengwa. Watu hawa wanajua kutetea maji yao.

Askofu Fredrick Shoo wa KKKT, kanisa la Kilutheri, alijulikana kwa kuwahimiza waumini wa Kilimanjaro kupanda miti mlimani. Delta inangoja kanisa litakalofanya hivyo kwenye tope: kupanda mikoko bega kwa bega na jirani wa msikitini, na kuwa na la kusema katika mikutano ya kijiji kuhusu maji, ardhi na fidia. Kijana anayeiona dini kama kelele za Jumapili ataisikiliza siku ikizungumzia mpunga wa mama yake.

Mbegu na maji

Wapo watakaoonya kwamba kanisa likifuata maji litachukuliwa na maji. Onyo hilo ni la haki. Zipo jumuiya zilizobadilika hata hazina tena la kumwambia mtu ila yale aliyokwisha kuyasikia redioni.

Lakini watu wa Rufiji wana kilimo kiitwacho mlau. Mafuriko yakianza kurudi mtoni huacha tope jeusi lenye rutuba, na mkulima hutembea nyuma ya maji akipanda mahindi na kunde katika ardhi iliyoachwa leo, kesho hatua chache mbele, keshokutwa nyingine. Kitanda cha shamba hubadilika kila mwaka, kwa sababu mto haukubali kulala mahali pamoja. Mbegu iliyo kapuni ni ileile. Anayepanda kabla maji hayajaondoka anaozesha mbegu; anayengoja sana hukuta tope limekauka na kupasuka.

Kristo aliyekufa na kufufuka, upendo kwa jirani na kwa adui, kusema kweli, kusamehe na kulipa ulichoharibu: hiyo ndiyo mbegu, na hakuna sinodi yenye mamlaka ya kuibadilisha. Saa ya ibada, umbo la jengo, nani ashike uongozi, wimbo upigwe kwa ngoma gani, sikukuu ya mavuno iwe mwezi gani: hayo ni kitanda cha shamba, na yanapaswa kusogea. Kosa letu la miaka mingi limekuwa kuvichanganya. Tumekilinda kitanda kama mbegu, na mara nyingine tumeiuza mbegu ili kununua vyombo vya muziki.

Kama ningeombwa kutaja dalili moja ya kanisa lililohuika katika delta, nisingetaja idadi ya viti. Ningetazama ubao wa matangazo mlangoni. Juu yake pangeandikwa zamu ya kupanda mikoko, jina la shamba ambalo ng'ombe wetu walilila na kiasi kilichokwisha kulipwa, na chini yake, mahali ambapo siku zote tumezoea kuandika saa tatu asubuhi, pangeandikwa: ibada ni maji yakijaa.